Bipu Zisizofika

Jumanne, 14 Aprili

Muhokya tena. Mnara ule ule, betri zile zile zilizochoka. Nimepanda, nimekaza nyaya, nimeshuka na magoti yanauma. Askari anayelinda pale alinipigia kelele kwa sababu radi ilikuwa inapiga upande wa Katwe. "Wewe mama, shuka! Shuka sasa!" Nikamwambia, sawa afande, basi panda wewe umalizie. Akacheka. Hakupanda.

Kazi ya msimu huu ni kuunganisha. Zamani simu zilikuwa na njia yao, intaneti njia yake, redio njia yake, vipima maji vya mto Nyamwamba njia yao. Sasa vyote vinapita kwenye mkongo mmoja, na juu ya mkongo huo inakaa akili bandia inayoamua nani apite kwanza, mnara gani upumzike, simu gani ni ya tapeli. Watafiti wanasema ndiko dunia inakokwenda: mtandao unaojitazama, unaojifunza, unaojitibu bila kumsubiri mtu. Mimi naunga mkono. Ukiwa juu ya mnara na radi inakutafuta, utaunga mkono tu.

Naandika Kiswahili kwa sababu ofisini hakuna anayekisoma. Hapa nasema ninachotaka.

Alhamisi, 16 Aprili

Mafunzo, hapa hapa mjini Kasese. Injinia Kato kaja kutoka Kampala na wageni wake watafiti. Kijana mpole, shati limenyooka. Ananiita Madamu ingawa yeye ndiye mkubwa wangu kazini.

Programu mpya inaitwa Mlinzi. Inawinda wale matapeli wanaokupigia na kukata kabla hujapokea, ili wewe urudishe simu na salio lako liliwe. Kule Bwera, mpakani, watu wamelia sana na wezi hao. Mlinzi hujifunza kwa mifano, na mtu wa hapa lazima aiambie mfano upi ni upi. Mtu huyo nikawa mimi.

Wakanifungulia mifano kwenye kompyuta. Majina hakuna, namba zimefichwa. Unaona tu: laini moja inapigia laini nyingi, kila moja inalia kidogo, hakuna anayepokea, inakatwa. Nikaandika: utapeli. Unaofuata: utapeli. Na huu: utapeli. Nilikuwa na njaa, nilitaka kumaliza. Kato akanisifu mbele ya wageni. Nilifurahi, sikatai.

Kuna ujanja mmoja niliupenda sana. Mlinzi hamwambii mwizi kwamba amezuiwa. Anayepiga anasikia simu inalia kama kawaida. Upande wa pili kimya. Hivyo mwizi hajui, wala habadili laini.

Kesho inawashwa.

Jumapili, 19 Aprili

Kwa Mama, chini mtoni. Tumekula muhogo na samaki wa Katwe. Idi kaja amechelewa, amelowa hadi kiunoni. Ndiye mdogo wangu, wa mwisho kwa Mama. Anachimba mchanga mtoni, juu kidogo, chini ya kilima cha Mama Kabugho, rafiki wa Mama. Nimemwambia msimu huu wa mvua atafute kazi nyingine. Anasema mto anaujua. Kila mwaka anasema hivyo.

Mama alimwekea samaki mkubwa. Mimi nafanya kazi ya minara, yeye anakula kichwa na mkia. Haya.

Jumatano, 22 Aprili

Bwera. Jua kali, foleni ya malori mpaka karibu na mpaka. Simu za watu zinarukia mtandao wa Kongo zenyewe, halafu wananitukana mimi.

Haji Musa, yule mwenye malori ya nyanya, kanishika mbele ya duka lake. "Madamu, mutandao yenu iko nafanya nini? Nabipu bachauffeur bangu, hakuna mutu anakuya. Malori beko tu kwa parking. Tomati inaoza!" Nikamwambia aweke vocha apige simu kama watu wazima, aache ubahili. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kwake bipu kwa madereva wote ina maana geti la mpaka limefunguliwa, njooni. Ndivyo wamefanya tangu simu zifike hapa.

Kwenye ripoti nimeandika: mwingiliano wa mawimbi mpakani. Nilikuwa nataka kurudi nyumbani.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua mlimani tangu jana. Nyamwamba imepanda, imeingia kwenye maharage ya Mama, ikashuka. Si mafuriko. Lakini nimemkuta Mama amekaa kwenye kigoda, simu mapajani.

Hakuumia kwa ajili ya maharage. Kilichomuuma ni kwamba hakubipiwa.

Wote wanaoishi kando ya mto wana utaratibu wao. Mama Kabugho anakaa juu, shamba lake la kahawa linatazama mto. Maji makubwa yakija, mawe yanaanza kugongana huko juu, na yeye huyasikia kabla ya mtu yeyote. Hapo anabipu. Anabipu wachimba mchanga, anabipu Mama, anabipu kila mtu aliye kwenye simu yake. Mama naye anabipu majirani wa chini. Inalia, inakatwa, unakimbia. Hupokei. Ukipokea umekula salio lake, na wa nyuma yako hatabipiwa. Kila mtu hapo ana salio dogo analolitunza kwa kazi hiyo. Halinunui habari wala salamu.

Jana haikulia. Mama anasema, "Kabugho amenitupa." Anadhani ni kwa sababu hakwenda kwenye harusi ya binti yake. Hawa wawili wameuza ndizi pamoja sokoni tangu mimi sijazaliwa. Mmoja wa kanisani, mmoja wa msikitini, na sikukuu zote wanakula pamoja. Nikasema labda Mama Kabugho alikuwa amelala. Mama akanikazia macho. Mawe yakilia, Kabugho halali.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimepanda kwa Mama Kabugho. Nimemkuta naye amenuna. Desturi ni kwamba aliyebipiwa huja kesho yake kusema asante, hata kama maji hayakufika mlangoni. Hakuna aliyekwenda. Wala Mama, wala Idi.

"Mimi nilipiga," anasema. "Nilipiga yote. Simu inalia kwa sikio yangu, mimi nakata. Mama yako hata asante hakuna. Mimi nilikosa nini?"

Akanionyesha simu yake. Kweli, namba zote zipo, moja baada ya nyingine.

Nikachukua simu yake, nikapiga yangu. Nikaiweka sikioni. Inalia. Inalia vizuri kabisa, sauti safi. Na simu yangu iko kwenye kiganja cha mkono mwingine, kioo kimezima, kimya. Nikakata. Nikapiga tena. Inalia sikioni, kimya mkononi. Mama Kabugho ananitazama anangoja nimwambie ni nini.

Mimi ndiye niliyeandika utapeli. Mifano ile ilikuwa ya watu wetu. Nimezaliwa kando ya mto huu, nimeamshwa na bipu hizo tangu nikiwa msichana, na nilipoziona kwenye kompyuta bila majina sikuzijua.

Nimerudi kwa Mama kumweleza. Hakuamini. Simu ilie kule isilie huku? Anasema nisimtetee Kabugho.

Najichukia leo.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimempigia Kato. Amesikiliza mpaka mwisho. Akaifungua laini ya Mama Kabugho hapo hapo. Nikamwambia mama yule abipu watu wote kujaribu. Kufika jioni Mlinzi ameifunga tena. Na atakuwa anaifunga kila siku, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha.

Kumfundisha upya kunataka kikao, na kikao kinangoja wageni wamalize ripoti yao. Nikaomba jambo moja. Kwenye kompyuta yangu naweza kuiweka minara ya bonde hili katika hali ya matengenezo. Ikiwa humo, Mlinzi haoni kitu, simu zote zinapita, za wema na za wezi. Ni kubonyeza tu. Kato akasema, "Madamu, tafadhali usiguse. Ukigusa ni barua ya kufukuzwa. Yako na yangu."

Akasema vipima maji vinatuma ujumbe kwenye simu. Ndiyo, vinatuma, kwa Kiingereza. Mama hasomi. Mama Kabugho hasomi. Nikamwambia hivyo. Akaomba nimpe mpaka mwisho wa Mei.

Sikugusa. Nina watoto wawili shuleni. Mshahara huu ndio uliomwezekea Mama bati. Naogopa, naandika wazi.

Jumanne, 28 Aprili

Nimepata njia.

Mlinzi anachukia simu zisizopokewa. Zikipokewa, hata chache, anaona huyu ni mtu mwenye ndugu na marafiki, anamwacha. Basi watu wapokee. Neno moja tu, "nimesikia", wakate. Kazi yangu salama, Kato salama, watu wa mto wanaonywa.

Nimetembea kando ya mto mchana kutwa, kuanzia kwa Mama Kabugho kushuka mpaka kwa Mama. Kila nyumba, kila shimo la mchanga: ikilia, pokeeni. Watu wamenishangaa. Idi kanicheka mbele ya wenzake. "Dada, leo umetoka ofisini kuja kutufundisha kupokea simu? Kesho utatufundisha kutembea." Nikamrushia tope. Akanirudishia.

Mama Kabugho peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Na salio?" Nikamwambia nitakuwa namwekea mimi. Nikamwekea pale pale.

Mama kasema kwake hata simu ikilia hana la kuongea na Kabugho.

Jumapili, 3 Mei

Inafanya kazi. Kato kanitumia ujumbe kunipongeza, mwenendo wa simu za bonde "umetulia", Mlinzi hajamfunga mtu kwa siku kadhaa. Kwenye ramani ya minara kila kitu ni kijani.

Mama Kabugho anasema salio linaisha upesi. Watu wakipokea wanaongea, huwezi kuwazuia. Nikamwahidi kuongeza kesho.

Jumanne, 5 Mei

Nimetumwa Katwe ghafla, mnara wa ziwani umekufa. Nitalala huku mpaka niumalize. Chumvi imekula kila skrubu. Akina mama wanakwangua chumvi ziwani, maji yamewafika magotini, nami nakwangua kutu juu yao. Mvua haijanyesha huku hata tone.

Salio la Mama Kabugho sikuweka. Nitaweka nikirudi.

Alhamisi, 7 Mei

Mchana nimeona mlima umekuwa mweusi. Nimefungua ramani. Kijani, minara yote hai.

Nyamwamba imekuja.

Mama salama. Yuko msikitini na majirani.

Idi hapokei.

Idi hapokei.

Ijumaa, 8 Mei

Wamempata asubuhi, chini kabisa, kwenye shamba la pamba. Amekwama kwenye uzio. Niliitwa kumtambua kabla Mama hajafika. Shati lake nililinunua mimi.

Tumemzika baada ya swala ya Ijumaa. Wanaume wamembeba. Watu wa mto wote wamekuja, wa kanisani na wa msikitini, na matope kwenye nguo. Haji Musa kaja kutoka Bwera na lori lake kubeba watu. Kanishika mkono.

Wachimba mchanga wengine walikuwa wametoka kwenda kula. Idi alibaki shimoni kumaliza mzigo.

Mama Kabugho ndiye aliyenieleza, vipande vipande, huku ameshika kanga yangu. Mawe yalianza kulia. Siku zote anaanza na wachimba mchanga kwa sababu wako karibu naye. Safari hii alianza na Mama. Alitaka Mama ajue kwamba hajamtupa. Mama akapokea, kama nilivyomfundisha. Wakaongea. Salio likaisha. Alipopiga ya Idi akaambiwa hana salio. Akakimbia kushuka kilima anapiga kelele, na miguu yake ile mibovu. Mto ulikuwa umeshafika.

Mama hakumbipu Idi; wake ni majirani wa chini. Idi ni wa Kabugho. Siku zote Idi ni wa Kabugho.

Mlinzi hakumzuia mtu jana. Kila alichokiona kilikuwa sawasawa.

Jumamosi, 9 Mei

Nyumba imejaa watu. Sijui niweke wapi mikono.

Jumatatu, 11 Mei

Nimefungua kompyuta mezani kwa Mama, watu wakiwa nje chini ya turubai. Kabla sijabonyeza nikampigia Kato. Si kuomba ruhusa. Nilitaka asikie kwangu.

Alikuwa ameshapata habari. Akasema, "Bonyeza, Madamu. Nitaandika kwamba ni mimi niliyekuamuru." Nikasikia analia. Nilitaka kumchukia, ingenisaidia. Nimeshindwa. Aliniomba nisiguse, nami nikatii. Kidole kilikuwa changu.

Nimebonyeza. Ramani ya bonde imegeuka kijivu, Bwera pia nimeitia kwenye matengenezo. Haikuchukua muda wowote. Ni jambo dogo kabisa. Nimekaa natazama udogo wake mpaka mtu akaja kuniita nikapokee wageni.

Alhamisi, 14 Mei

Barua imekuja. Nimesimamishwa, si kufukuzwa. Kato naye kaitwa kikaoni. Watafiti wameomba niwaandikie maelezo ya watu wa mto wanavyotumia bipu, wanasema utafiti unaofuata utaanzia hapo: mashine isiamue juu ya watu mpaka imeishi nao. Wanaandika vizuri, kwa heshima. Nitawaandikia. Si leo.

Haji Musa katuma ujumbe wa sauti kumpa Mama pole. Mwishoni anasema tu kwamba bachauffeur beko nakuya, bipu zinawafikia.

Jumapili, 17 Mei

Mvua imekatika. Mto uko chini, una rangi ya chai.

Mama Kabugho amekuja baada ya ibada, na kikapu cha matoke. Sikuwa na uhakika kama Mama atampokea. Amempokea. Wamekaa kwenye mkeka mmoja, wamemenya matoke yote, wakayapika, wakala kidogo. Hawakuongea sana. Alipoondoka Mama alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi polepole.

Akakaa karibu nami. Akauliza, "Zai, nisingepokea, Idi angekuwa hai?"

Wiki nzima watu wamemwambia ni kazi ya Mungu. Nilikuwa na maneno hayo tayari mdomoni. Yangemtosha, na mimi yangenifunika. Nikamwambia ndiyo, Mama. Angekuwa hai. Lakini wewe hukukosa. Mimi ndiye niliyekuambia upokee, na mimi ndiye niliyeifundisha mashine kwanza. Nikamweleza yote tena, na kitufe, na jinsi nilivyoogopa kukibonyeza, na salio nililoahidi.

Safari hii aliamini. Hakulia. Hakunigusa wala hakusogea mbali nami.

Halafu akasema siku ile kwenye simu Kabugho alimwambia mapema tu, neno la kwanza kabisa, kwamba maji yanakuja. Naye akajibu nimesikia. Angekata hapo, salio lingemfikia Idi. "Lakini nilifurahi kumsikia," akasema. "Nikamwuliza kama miguu bado inamsumbua."

Adhana ya magharibi ikaanza. Akaomba maji ya kutawadha. Nikamletea, nikamshikia birika mpaka akamaliza.